Gloriosa isiyochipua, isiyochanua au inayokauka ghafla: jinsi ya kutafuta chanzo

Mtu akiona jani la gloriosa limegeuka manjano, anamwagilia. Akiona shina limekauka, anaongeza mbolea. Mwezi mmoja baadaye kiazi kimeoza na mmea uliokuwa mzima umekufa kweli. Matatizo mengi ya ua hili yanazalishwa na tiba zake, na ndiyo maana napendelea utaratibu mwingine: kwanza uliza mmea uko wapi katika mwaka wake, kisha fukua uangalie kiazi. Jani liwe la mwisho kuhojiwa.

Gloriosa superba, jina ililopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, ni ua la mbuga, vichaka na kingo za misitu katika Afrika ya tropiki hadi Afrika Kusini, na pia la India, Sri Lanka na Asia ya kusini-mashariki. Zimbabwe imelifanya ua la taifa, na jimbo la Tamil Nadu huko India limelifanya ua la jimbo. Petali zake sita zimepinda kuelekea juu, kingo zake zina mawimbi, nyekundu kwenye ncha na njano pale zinapoanzia. Ukilikuta limechanua katikati ya nyasi zilizokwisha kufifia unaelewa kwa nini watu wanataka kuwa nalo nyumbani.

Sifa yake ya kuhimili ukame huwapotosha wengi. Majani yake si magumu hata kidogo; ni laini, na yakikosa maji katika kipindi cha kukua hunyong'onyea upesi. Kinachohimili ukame ni kiazi kilicho ardhini. Mvua zikija na udongo ukiwa na joto, kiazi hutoa shina, shina hupanda, na baada ya miezi miwili hivi au mitatu maua huanza. Kisha matunda, kisha majani hugeuka manjano, na sehemu yote ya juu hufa. Kiazi cha mwaka huo kinakuwa kimetumika chote, na pembeni yake kimekwisha kuundwa kipya, ambacho kitalala miezi yote ya kiangazi bila kuhitaji tone la maji.

Jambo moja kabla hujashika koleo: mmea mzima una sumu kali, na kiazi na mbegu ndivyo vyenye sumu nyingi zaidi. Vaa glavu, na usitumie kisu cha jikoni. Habari zaidi ziko mbele.

Shina lote limekauka baada ya maua

Hili si tatizo. Ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloua gloriosa nyingi kuliko ugonjwa wowote, kwa sababu jibu la haraka la mwenye bustani ni maji.

Dalili za usingizi wa kawaida ni hizi: manjano inaanzia majani ya chini na kupanda juu polepole kwa wiki kadhaa, mmea umekwisha kuchanua, shina linakauka likiwa bado limesimama, halilainiki wala halinuki. Ukiona hivyo, punguza maji kidogo kidogo, na shina likishakauka kabisa acha kumwagilia. Ikiwa mmea uko kwenye chungu, kilaze ubavuni au kisogeze mahali mvua haifiki. Ikiwa uko ardhini na eneo lako lina kiangazi cha kweli, usifanye lolote, isipokuwa kuchomeka kijiti cha alama ili mtu asipitishe jembe hapo.

Usikate shina likiwa bado lina rangi ya kijani. Katika wiki hizo za mwisho majani yanakishibisha kiazi cha mwaka ujao. Shina likikatwa mapema, athari yake huonekana msimu unaofuata, wakati ambapo hakuna anayekumbuka kilichofanyika.

Mambo hubadilika ikiwa shina limekauka kabla ya maua, au limeanguka kwa siku moja mbili likiwa bado kijani. Hapo kuna shida, na utaikuta chini.

Mvua zimenyesha, wenzake wamechipua, huyu kimya

Fukua kwa mkono au kwa kijiko cha bustani, usitumie jembe. Anza mbali kidogo na pale shina la mwaka jana liliposimama, uje ndani taratibu, kwa sababu kiazi hiki huvunjika kama chaki. Na usishangae ukikikosa pale ulipokizika. Viazi vipya huundwa chini zaidi ya vile vya zamani, hivyo mmea wa miaka mingi unaweza kuwa umeshuka sana.

Ukikipata, kipanguse na ukitazame vizuri. Kina umbo la V au la L, unene wa kidole au zaidi, hudhurungi kwa nje na cheupe kwa ndani. Kwenye kona, pale matawi mawili yanapokutana, kuna kovu la shina lililopita. Fuata kila tawi hadi mwisho wake: kwenye ncha ndipo lilipo jicho, moja tu kwa kila tawi. Kiazi mviringo kina macho kila upande, tangawizi vilevile, lakini gloriosa haina jicho la akiba. Ncha iliyo hai imechongoka kidogo, ngozi yake imekaza na rangi yake ni nyepesi kuliko sehemu nyingine. Karibu na wakati wa kuchipua utaona kidoto cheupe kinachovimba. Ncha iliyokufa ni nyeusi, imesinyaa, au imekatika na kuacha uso bapa mkavu.

Ncha ikiwa imekatika, umepata jibu. Tawi hilo linaweza kubaki gumu na jeupe ndani kwa miezi, likakupa matumaini, lakini shina halitatoka. Chanzo mara nyingi ni usafirishaji au mtu aliyechimba kwa haraka. Unaponunua viazi, angalia ncha kabla ya kuangalia ukubwa. Kiazi kilichovunjika kwenye kona ni afadhali sana, maana unabaki na vipande viwili, kila kimoja na jicho lake. Viache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, ndipo uvipande.

Ncha ikiwa nzima na kiazi kigumu, kiazi hakijafa, kimelala. Sababu ya kwanza ni baridi. Maji peke yake hayaamshi gloriosa. Inataka na joto, na udongo wa nyuzi 20 au zaidi ndio unaoiamsha vizuri. Kwenye nyanda za juu mvua za kwanza zinaweza kuja udongo ukiwa bado baridi, na kiazi kikasubiri. Kikisubiri kwenye tope, huoza. Ndiyo maana mahali penye baridi ni bora kukianzisha kwenye chungu sehemu yenye joto, na kumwagilia kidogo sana mpaka kichomoze.

Sababu ya pili ni kwamba hakijamaliza kulala. Kiazi kilichovunwa majuzi kinahitaji miezi kadhaa ya mapumziko, na kukirudisha kwenye udongo wenye maji hakufupishi muda huo. Jambo hili huwakumba hasa wanaopata viazi kutoka upande wa pili wa ikweta, ambako misimu iko kinyume na yao. Kiazi kina kalenda yake, na huenda kikachukua mwaka mzima kuizoea ya kwako. Kiweke kwenye mchanga mkavu, kivulini, ukikague kila mwezi, na ukipande pale ncha inapoanza kuvimba.

Kina nacho huchangia. Kiazi hulazwa ubavu, sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa udongo. Usikisimamishe. Kikiwa juu mno hupikwa na jua. Kikiwa chini mno kwenye udongo mzito, chipukizi huchoka kabla ya kufika juu.

Ukishakagua, kirudishe na ukiache. Kukifukua kila wiki ili kuona maendeleo ndiyo njia ya uhakika ya kuvunja lile jicho moja.

Kiazi ni laini, kinanuka, au kimefunikwa na nyuzi nyeupe

Kiazi kilicholainika na kutoa maji yenye harufu kimeoza kwa sababu ya unyevu wa muda mrefu, karibu kila mara katika kipindi cha usingizi. Wakati huo kiazi hakina mizizi inayofanya kazi wala majani ya kutoa maji nje, kwa hiyo maji yote unayomwaga yanabaki yamekizunguka.

Ukiona nyuzi nyeupe zimetambaa juu ya kiazi na kwenye udongo, zikiwa na vijipunje vidogo vya mviringo vya rangi ya hudhurungi, huyo ni kuvu aitwaye Sclerotium rolfsii, anayeshambulia mazao mengi sehemu za joto. Vijipunje hivyo hukaa udongoni miaka kadhaa vikisubiri. Hapo dawa si suluhisho la kutegemea. Ondoa kiazi pamoja na udongo unaokizunguka, na gloriosa nyingine ipande mahali tofauti kabisa.

Ikiwa kuoza ni kwa maji tu na kumeanzia katikati au kwenye kona, unaweza kuokoa. Kata kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti, urudi nyuma mpaka uone nyama nyeupe ngumu isiyo na mstari wowote wa hudhurungi. Paka majivu makavu au unga wa salfa kwenye kidonda, kianike kivulini siku chache, kisha kipande kwenye mchanganyiko mpya. Ikiwa kilichooza ni ncha, usijisumbue. Vipande vyote vilivyokatwa vifukie mbali na kuku, mbuzi na mbwa.

Kinga ni udongo unaopitisha maji. Kwenye udongo wa kichanga huhitaji kufanya lolote. Kwenye mfinyanzi, panda juu ya tuta lililoinuliwa, changanya mchanga mwingi wenye punje kubwa na mboji iliyoiva, na hakikisha maji ya mvua kubwa hayatuami hapo hata kwa siku moja. Samadi mbichi usiiweke karibu na kiazi.

Kuna pia kosa la upande wa pili, nalo ni kiazi kilichohifadhiwa mahali pakavu mno penye joto, kikanywea na kuwa chepesi mkononi. Kikiwa kimenywea kidogo tu na ncha ni nzima, kilaze kwenye mchanga wenye unyevu wa mbali kwa wiki moja au mbili. Mara nyingi hujaa tena. Mchanga mkavu au maranda ya mbao huhifadhi vizuri kuliko mfuko wa plastiki, ambao hukusanya jasho.

Shina limechomoza vizuri, kisha limelala au limekatika

Gloriosa haijizungushi kama maharage. Jani lenyewe ndilo linaloshika: ncha yake imerefuka na kuwa kikono, na kikono hicho hujikunja kikigusa kitu chembamba. Neno chembamba ndilo la kuzingatia. Kikono hakiwezi kukumbatia nguzo, bomba wala boriti. Mtu anaweka mti mnene, shina linaupita pembeni, upepo unakuja, na shina linalala chini. Porini mmea hushika nyasi, vijitawi na matawi ya kichaka, kwa hiyo nawe mpe kitu cha namna hiyo: nyuzi, waya mwembamba, matawi makavu yenye vijiti vingi, au kichaka cha jirani kisichokuwa kizito.

Weka tegemeo siku ile ile unayopanda. Ukisubiri shina lirefuke ndipo uchomeke miti, unaweza kutoboa kiazi, na kulisogeza shina kwa mkono hulivunja kwenye kifundo.

Shina likivunjika karibu na ardhi, kiazi mara nyingi hakitoi jingine msimu huo, kwa sababu kila tawi lina jicho moja tu. Kikibaki kipande chenye majani matatu au manne, kiache na ukitunze kama kawaida, kwani kidogo hicho kinaweza kujenga kiazi kidogo cha kuvukia mwaka. Usiking'oe. Konokono na panya hufanya uharibifu uleule usiku, kwa hiyo ukikuta shina limekatwa safi asubuhi, tafuta njia za kamasi au mashimo kabla ya kumlaumu upepo.

Ufupi peke yake si ugonjwa. Mimea inayotoka mbuga za wazi hukaa mifupi na vikono vyake ni dhaifu, na kuna spishi nyingine yenye kimo kifupi ya maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, Gloriosa minor, ambayo haipandi juu kama dada yake. Kuilazimisha kwa mbolea hakutaigeuza.

Majani tele, maua hakuna

Hapa sababu ni nne, na huwa naziangalia kwa mpangilio huu.

Kivuli. Gloriosa hupenda miguu yake iwe kivulini na kichwa juani. Ikiwa sehemu ya juu haipati saa sita hivi za jua kwa siku, itatoa majani mapana ya kijani kilichokolea, yenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, na hakuna zaidi. Dalili ya nafasi hiyo kubwa ndiyo inayotofautisha kivuli na sababu nyingine. Sogeza mmea ukiwa umelala, si sasa.

Mbolea ya naitrojeni. Mtu aliyeweka urea, au samadi nyingi ya kuku, atapata majani ya kupendeza na matumba machache au sifuri. Mmea huu unatoka kwenye udongo wa mbuga usio na utajiri mwingi. Mboji kidogo wakati wa kupanda, na baadaye mbolea yenye potasiamu zaidi mmea unapokaribia kuchanua, inatosha. Ukiwa umekwisha kuzidisha, acha mbolea kabisa, mwagilia vizuri mara moja ili ziada ipite chini, na subiri.

Kiazi kidogo. Kiazi chembamba kuliko kidole huchipua lakini kwa kawaida hakina nguvu ya kutoa ua. Hiki si kasoro, ni umri. Mpe msimu mmoja au miwili. Wakulima wa Tamil Nadu huchagua viazi vya gramu 50 hivi na zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Msimu uliopita. Hii ndiyo inayosahauliwa. Ua la mwaka huu lilijengwa na majani ya mwaka jana. Kama mwaka jana majani yalikatwa mapema, yaliliwa na viwavi, au mmea ulikosa maji wiki zile baada ya kuchanua wakati watu wamekwisha kuacha kuujali, kiazi kilichoundwa ni kidogo. Ukiwa umekagua jua na mbolea na huoni kosa, kumbuka nyuma. Tiba ni kuutunza mmea usio na maua kwa bidii ileile mpaka ukauke wenyewe.

Chungu kilichojaa viazi nacho hupunguza maua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mmea ukiwa umelala, kimwage chote juu ya gunia badala ya kuchokora ndani, uvitenganishe kwa upole, na utumie chungu chenye kina cha sentimita 30 au zaidi.

Matumba yanakauka kabla ya kufunguka

Kwa kawaida ni maji yasiyo na mpangilio: siku kumi za ukavu, kisha gharika. Ukame mmea huu huuhimili ukiwa umelala. Ukiwa na matumba unataka unyevu wa kudumu, na matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo husaidia sana. Kama udongo una unyevu wa kutosha, fungua tumba moja kwa kucha juu ya karatasi nyeupe na uone kama kuna thripsi, wadudu wembamba wanaokimbia. Wakiwapo, petali huwa na michirizi ya rangi ya fedha. Nyunyizia maji ya sabuni jioni, ukirudia baada ya siku chache.

Ua linalofunguka likiwa la kijani na njano, kisha likageuka jekundu lote kadiri siku zinavyopita, halina ugonjwa. Ndivyo linavyozeeka.

Jani lina rangi isiyo yake

Ukishathibitisha kwamba si usingizi na kiazi ni kigumu, angalia ni majani gani yameathirika. Majani machanga ya juu yenye manjano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, yanaonyesha ukosefu wa chuma, na mara nyingi chuma kipo udongoni ila chokaa imekifunga. Gloriosa hufanya vizuri kwenye udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5.5 na 7. Acha kumwaga majivu hapo, na ongeza mboji. Majani ya chini yenye manjano mapema msimu, na udongo uliolowa muda wote, yanaonyesha mizizi inayokosa hewa. Rudi kwenye sehemu ya kuoza.

Madoa ya hudhurungi yenye duara ndani ya duara, yanayoongezeka mvua zikizidi, ni kuvu wa majani. Ondoa majani yaliyoathirika, fungua nafasi kati ya mimea ili upepo upite, na mwagilia chini ya mmea. Nisingekimbilia dawa kabla ya kujaribu hayo matatu.

Mistari mirefu ya manjano inayofuata urefu wa jani, pamoja na maua yenye rangi iliyokatikakatika, ni dalili ya virusi. Hapana tiba. Vidukari husambaza, na kisu chako pia. Ng'oa mmea huo pamoja na kiazi chake hata kama unaumia kufanya hivyo, maana kiazi kipya kitarithi virusi vyote.

Majani yaliyotobolewa au kuliwa hadi kwenye mshipa ni kazi ya viwavi. Huko India na Sri Lanka yupo kiwavi anayeupenda mmea huu hasa, wa nondo aitwaye Polytela gloriosae, na sumu ya majani haimzuii. Usidhani basi kwamba kwa kuwa mmea ni sumu hakuna mdudu atakayeugusa. Waokote kwa mkono wenye glavu asubuhi na jioni. Kwa mimea michache hakuna njia bora kuliko hiyo.

Maua mengi, lakini matunda hayafungi

Tazama ua kwa karibu. Limeinamia chini, petali zimepanda juu, na chavulio sita zimetandazwa pembeni. Kijiti kinachopokea chavua hakikunyooka kama kwenye maua mengine. Kimepinda pembe mraba tangu kinapoanzia, kikaelekea upande mmoja. Kwa mpangilio huo chavua ya ua lenyewe haiangukii pale inapopaswa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipepeo hufuata nekta na mabawa yao ndiyo hupangusa chavua na kuipeleka kwenye ua jingine. Nauona huu kuwa mmoja wa mipango ya kupendeza kabisa katika mimea ya mbuga, na ndio unaoeleza kwa nini gloriosa iliyofungiwa barazani au mahali panaponyunyiziwa dawa za wadudu haizai.

Chavusha mwenyewe asubuhi, chavua ikiwa kavu na inatoka kama unga. Chukua kwa brashi laini kutoka mmea mmoja, ipake kwenye ncha za kile kijiti kilichopinda cha mmea mwingine. Mimea miwili iliyotokana na kiazi kimoja kilichogawanywa ni mmea uleule, kwa hiyo tafuta wenye asili tofauti. Wakulima wa Tamil Nadu, wanaouza mbegu kwa viwanda vya dawa, hufanya kazi hii kwa mkono shamba zima.

Mbegu hazioti

Tunda likikauka hupasuka vipande vitatu na kuonyesha mbegu nyekundu zenye mng'aro wa chungwa. Mbegu hizo zikipandwa mbichi hukaa kimya kwa miezi, na hapo watu humwaga udongo. Zihifadhi mahali pakavu miezi sita hadi tisa, ziloweke siku nzima, zifukie kina cha sentimita moja kwenye mchanganyiko wa kichanga, na ziwe kwenye joto. Hata hivyo zitaota kwa kupishana, moja baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu. Mche wa mwaka wa kwanza ni mdogo na dhaifu. Utakauka mapema, na chini yake utakuwa umeacha kiazi kidogo sana. Usiuhamishe mwaka huo. Ua la kwanza ni la mwaka wa pili hadi wa nne.

Mtoto au mnyama ametafuna

Hili halina hatua ya kusubiri uone. Sumu ni kolchisini, ile ile inayotumika kwa vipimo vidogo mno kutibu jongo. Huenda asionyeshe lolote kwa saa kadhaa, na ukimya huo ndio unaodanganya. Kisha huja kuungua mdomo na koo, kutapika, kuharisha sana na maumivu ya tumbo. Siku zinazofuata sumu huharibu figo, ini, moyo na utengenezaji wa damu. Mpeleke hospitali mara moja akiwa bado hana dalili, ukichukua kipande cha mmea au picha yake, na uwaambie wazi kwamba ni gloriosa yenye kolchisini. Usimtapishe mwenyewe, usimpe maziwa wala dawa ya kienyeji njiani. Kwa mbwa, mbuzi au ng'ombe, mwite daktari wa mifugo kwa haraka ileile.

Huko Sri Lanka imetokea watu kula viazi hivi wakidhani ni viazi vitamu. Kwa hiyo usipande gloriosa karibu na viazi vikuu, viazi vitamu au tangawizi, na usihifadhi viazi vyake ghalani pamoja na chakula hata kwa usiku mmoja. Viweke kwenye kopo lenye kifuniko, lenye maandishi makubwa ya SUMU, mahali pa juu pasipofikiwa na mtoto. Ukiwa na mtoto anayetambaa, ushauri wangu ni kusubiri miaka michache kabla ya kupanda ua hili.

Niliichimba porini, ikafa

Ilichimbwa ikiwa na maua, maana ndipo inapoonekana. Wakati huo kiazi cha zamani kinamalizika na kipya bado ni laini na hakijakomaa. Kukiondoa ni kukatiza kazi katikati, na ncha huvunjika kwenye mizizi ya nyasi. Ukiiona porini imechanua, iache na ukumbuke mahali. Rudi miezi miwili mitatu baadaye, matunda yakiwa yamepasuka, uokote mbegu chache na nyingine zibaki pale. Katika sehemu za India na Sri Lanka uchimbaji wa viazi kwa ajili ya dawa umeipunguza sana gloriosa ya mwitu. Ukiishi mahali ambapo mmea huu si wenyeji, angalia pia usiutupe ovyo: kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya mashariki ya Australia umekuwa gugu gumu kung'oa, kwa sababu kila ncha inayosalia mchangani huchipua tena mvua zikirudi.